WALIOSIMAMA SOKONI HADI SAA KUMI NA MOJA

Dominika ya 25 ya Mwaka A
Injili: Mathayo 20:1-16



Injili ya Dominika ya leo inatusimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta wafanyakazi. Aliwakuta watu sokoni, akapatana nao ujira wa dinari moja kwa siku, akawapeleka shambani. Alitoka tena saa tatu, akatoka saa sita, akatoka saa tisa. Mwisho alitoka saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, akawakuta wengine wangali wamesimama palepale.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa saa hizo. Watu wa nchi ile walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi hadi leo. Saa kumi na moja ya Injili ndiyo saa kumi na moja yetu. Ni saa ambayo mkulima amekwisha kukung'uta jembe lake, ng'ombe wanarudi zizini, na akina mama wanawasha moto. Anayepata kazi saa hiyo amebakiwa na saa moja tu ya mwanga.

Mara nyingi mfano huu huhubiriwa kwa habari ya wale wanaomrudia Mungu uzeeni, nayo ni mahubiri ya kweli. Lakini leo twapenda kusimama kidogo pale sokoni, pamoja na hao wa saa kumi na moja, kabla hawajaitwa. Twafanya hivyo kwa sababu katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe soko hilo limejaa. Tunawaona vijana wetu waliohitimu vyuo, wenye vyeti vya ualimu, vya uuguzi, vya uhasibu na vya kilimo, wamerudi nyumbani Chanika au Manundu, au wamebaki mjini wasiweze kurudi. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, na kazi ya kwanza haijapatikana.

Mwenye shamba alipowakuta wale wa mwisho, aliwauliza sababu ya kusimama mchana kutwa bila kazi. Wao wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Tulipime jibu hilo, ndugu zangu. Hawakusema kwamba wamechoka. Hawakusema kwamba kazi ya shamba haiwafai. Walisema jambo moja tu, nalo lilikuwa kweli. Na mwenye shamba, tazameni, hakuwabishia. Hakuwaita wavivu. Aliwaamini, akawatuma shambani.

Je, sisi tunawaamini vijana wetu? Hapa ndipo Injili inapotugusa. Twasikia barazani, twasikia hata mlangoni mwa kanisa, watu wakisema kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kukosa kazi isipokuwa kwa uzembe wake. Anayesema hivyo huenda anaukumbuka wakati mwingine, wakati ambapo kazi ndiyo iliyomtafuta mtu.

Wakati huo ulikuwapo kweli, na Korogwe inaujua. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, nchini Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalienea mashamba makubwa ya mkonge, tangu pwani hadi Hale, Magunga na Ngombezi. Mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Katika miaka ya 1940 na 1950 wenye mashamba, kwa njia ya ofisi yao iliyoitwa SILABU, walipeleka mawakala hadi mikoa ya mbali na hata nchi jirani kuandikisha watu. Waliokuja wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Kazi yao ilikuwa ngumu na ujira wao mdogo, wala hatuusifu utaratibu ule. Twasema tu kwamba wakati huo wakala alipanda treni kwenda kumtafuta kibarua kijijini kwake.

Baada ya Uhuru, msomi naye alitafutwa. Taifa lilipoamua mwaka 1974 kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na utekelezaji ukaanza mwaka 1977, walimu walihitajika kwa maelfu. Kwa miaka mingi aliyehitimu Chuo cha Ualimu Korogwe, au chuo kinginecho cha serikali, alisubiri tu kuambiwa kituo chake ni shule gani. Wazazi wa leo ni watoto wa wakati ule. Ndiyo maana wengi wao waliamini kwamba cheti na kazi ni mapacha, hutoka tumbo moja siku moja.

Leo sivyo. Mwezi Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walikuwa zaidi ya 135,000, yaani watu zaidi ya 80 kwa kila kiti kimoja. Mwaka huohuo walimu zaidi ya 200,000 walishindania nafasi zisizofika 15,000. Basi, mzazi, unapomtazama mwanao ameketi uani na bahasha yake ya vyeti, zikumbuke hesabu hizo. Hata kama wote 80 wangekuwa hodari, wacha Mungu na wenye bidii, 79 wangerudi nyumbani bila kazi hiyo. Kukosa si ushahidi wa uvivu wala wa laana. Na wale wanaowaambia wazazi kwamba mtoto amefungwa nyota, wakataka kuku na fedha ili waifungue, wanakula jasho la maskini mara ya pili.

Tunajua pia kilichotolewa nyumbani ili kijana huyo asome. Handeni ni nchi ya mahindi, na mvua zake si za kutegemewa. Mzazi aliyeuza magunia yake mapema kwa bei ya hasara, akauza mbuzi, akauza na kipande cha shamba, ana haki ya kuuliza matunda. Lakini na aulize kwa upendo. Wako vijana huko Dar es Salaam, wanalala wanne chumba kimoja, wanakula mlo mmoja. Simu ya mama inaita, nao wanaiacha iite mpaka inyamaze, kwa kuwa wanaogopa swali moja tu: umepata? Mama mpendwa unayetusikiliza, piga simu hiyo leo, na swali hilo uliache. Mwulize mwanao kama amekula. Mwambie chumba chake kipo, na kwamba kurudi nyumbani si kushindwa. Mtu aliyepokewa nyumbani hupata nguvu za kwenda tena sokoni kesho.

Nanyi vijana, tunalo neno kwenu. Wale watu wa saa kumi na moja wana fadhila moja ambayo haisemwi mara nyingi: walikuwapo. Mwenye shamba alipita alfajiri, hawakuchukuliwa. Wenzao waliondoka saa tatu, saa sita na saa tisa. Wangeweza kwenda nyumbani kulala, na nani angewalaumu? Lakini mwenye shamba alipotoka mara ya mwisho aliwakuta wamesimama, mahali ambapo mtu mwenye kazi angeweza kuwaona. Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Kusimama sokoni maana yake nini kwa mhitimu wa leo? Maana yake ni kuomba kila nafasi unayoistahili, kwa barua iliyoandikwa vizuri na vyeti vilivyo vyako, hata baada ya kukataliwa mara kumi. Maana yake ni kuutunza ujuzi wako usipate kutu. Aliyesomea ualimu awakusanye watoto wa mtaani kwake awafundishe hesabu jioni. Aliyesomea kilimo aanze na robo ekari ya baba yake, majirani waone tofauti ya mahindi yake na yao. Aliyesomea uhasibu amsaidie mwenye duka kuweka daftari la mauzo. Mtu hupewa kazi na anayemfahamu kwa matendo yake, na matendo hayaonekani kwa mtu aliyejifungia chumbani.

Tena, wale wa mwisho walikubali kazi ya saa moja. Hawakusema kwamba jua limekuchwa na kwamba kazi ya saa moja ni aibu kwa mtu mzima. Hapa kwetu bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, limepitishwa katika wilaya zetu. Ujenzi wake umeleta kazi za muda, na kazi za ujenzi huisha ujenzi unapoisha. Wako waliozidharau kwa kuwa si za kudumu, na wako waliozifanya wakatoka na ujuzi, na barua ya sifa, na akiba kidogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtume Paulo awe mfano wetu hapa. Alikuwa msomi, aliyefundishwa na mwalimu mkuu Gamalieli. Alipofika Korintho, mji mgeni kwake, alitafuta watu wa ufundi wake, akawapata Akwila na Priskila mkewe, akakaa kwao akashona mahema pamoja nao. Elimu yake haikupungua kwa sababu ya sindano. Barua zake tunazisoma hadi leo kanisani, naye aliyeziandika alikuwa na sugu mikononi.

Lakini tuseme wazi pia jambo ambalo hatupaswi kulifanya pale sokoni: tusinunue kazi, wala tusijiuze wenyewe ili tuipate. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulifichua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho mwenye cheti halali angeweza kukikalia. Huo ni wizi, ingawa haukuvunja mlango. Hali kadhalika wako matapeli wanaozunguka wakidai laki kadhaa ili wakuingizie jina kwenye orodha. Anayekuuzia nafasi anakuuzia kitu ambacho si chake. Akiwa mwongo, umepoteza fedha. Akiwa mkweli, umemdhulumu mwenzako aliyesimama nawe sokoni.

Na kwenu ninyi mabinti zetu twasema kwa moyo mzito. Tunajua kwamba wengine wenu hudaiwa miili yenu kabla ya kupewa barua ya kazi. Anayedai hivyo hatendi dhambi ya udhaifu tu. Anatenda dhuluma, na pia jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtaja waziwazi mtu wa namna hiyo. Kamwambieni mzazi, kamwambieni katekista au padre, na kampelekeeni habari mtu wa TAKUKURU. Aibu ni ya mdai, si ya aliyedaiwa. Na sisi tulio wazazi na wachungaji tusimwulize binti alivaa nini siku hiyo. Tusimame naye.

Sasa tugeuke, ndugu wasikilizaji, tumtazame mwenye shamba. Yeye ndiye mtu wa ajabu katika mfano huu. Angeweza kutoka mara moja tu, alfajiri, akachukua wenye nguvu, akafunga lango. Alitoka mara tano. Mwenye mali wa kawaida hutoka sokoni kwa sababu shamba linamhitaji kibarua. Huyu, ifikapo saa kumi na moja, yaelekea alitoka kwa sababu kibarua alilihitaji shamba. Wala hakumwuliza mtu uzoefu wa miaka mitatu. Twasoma matangazo mengi ya kazi siku hizi, na karibu yote hutaka uzoefu. Tunawauliza kwa heshima wenye mashamba, wenye shule, wenye zahanati na wenye maduka: kama kila mmoja anataka aliyekwisha kufanya kazi kwingine, ni nani atakayempa mtu mwaka wake wa kwanza? Mkonge wenyewe haukatwi siku ya kupandwa. Mkulima huusubiri yapata miaka mitatu ndipo aanze kukata majani, na wakati huo wote anaupalilia. Tunaweza kuusubiri mmea, tukashindwa kumsubiri kijana miezi sita ajifunze?

Kisha, jioni ilipofika, mwenye shamba alilipa. Wale wa kwanza walipatana naye bei. Waliofuata waliambiwa tu kwamba watapewa kilicho haki, wakaenda kwa kumwamini. Imani hiyo ya mtu asiye na kazi ni kitu kitakatifu, nasi tunaogopa kwamba yako mahali inachezewa. Tunafahamu wahitimu wanaofundisha mwaka mzima kwa jina la kujitolea, wakiahidiwa mwezi ujao, na mwezi ujao haufiki. Kujitolea ni jambo jema kijana akichagua mwenyewe na akijua mwisho wake. Lakini kumtumikisha mtu kwa sababu hana pa kwenda ni jambo ambalo Mtume Yakobo aliwaonya vikali matajiri wa wakati wake, waliozuia ujira wa wavunaji. Dinari moja ilikuwa ujira wa kawaida wa siku, uliokusudiwa kulisha nyumba. Mwenye shamba alijua kwamba hata watoto wa yule wa saa kumi na moja watakula usiku huo. Hakulipa saa tu. Alilipa akiitazama sufuria iliyo jikoni.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, na kwamba kuwapatia watu kazi si wajibu wa mwajiri peke yake, bali pia wa serikali na vyombo vyote vinavyoongoza uchumi. Kwa hiyo tunapowaombea vijana, tuwaombee pia viongozi wetu, na tuwakumbushe. Sheria inaziagiza halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Vijana wa Handeni na Korogwe, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mkaulize masharti, mkaunde vikundi vya watu mnaoaminiana. Na wanaogawa mikopo hiyo wasiigawe kwa kutazama sura na ukoo.

Nasi katika Jumuiya Ndogondogo tunalo la kufanya wiki hii, bila kungoja mtu wa kutoka mbali. Tunapokutana kusali, tuulizane swali la mwenye shamba: ni nani kati yetu amesimama bila kazi, na kwa nini? Tuyaandike majina. Huenda katika jumuiya hiyohiyo yuko mwenye mashine ya kusaga anayehitaji mtu wa kuandika hesabu, au mjomba aliye mjini anayejua nafasi imetangazwa wapi, au mwalimu mstaafu anayeweza kumwandaa kijana kwa usaili. Chama chetu cha vijana tunakiita VIWAWA, na ndani ya jina hilo limo neno wafanyakazi. Lisiwe neno la kuimba tu. Mtu mmoja akipata kazi kwa njia ya jumuiya, tumetoka sokoni mara moja zaidi.

Hatuwezi kuwaahidi, vijana wapendwa, kwamba kila mmoja wenu atapata ofisi aliyoiota siku ya mahafali. Tungewadanganya. Lakini twaweza kuwaambia bila hofu kwamba thamani yenu haikuanza na barua ya ajira, wala haingojei barua hiyo. Mlipobatizwa hamkuulizwa cheti. Somo la kwanza la leo, kutoka kwa nabii Isaya, linatukumbusha kwamba njia za Mungu ziko juu mno kupita njia zetu, na hesabu yake ya saa si kama yetu. Anayeitwa saa kumi na moja ameitwa na Bwana yuleyule aliyewaita wa alfajiri, na mkononi mwake jioni huwekwa dinari ileile.

Na ninyi mliopata kazi mapema, msinung'unike. Wale wa kwanza walilalamika kwamba walistahimili joto la mchana kutwa. Lakini tuwaulize: lipi ni zito zaidi, kufanya kazi juani ukijua kwamba jioni utalipwa, au kusimama juani hadi saa kumi na moja usijue kama watoto watakula? Aliye na kazi na amshukuru Mungu, kisha amtazame aliyesimama, amfungulie njia.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alimwekea sikukuu tarehe 1 Mei tangu mwaka 1955, awasindikize vijana wetu wanaotafuta kazi yao ya kwanza. Awape mikono isiyochoka na dhamiri isiyonunuliwa. Awape wazazi subira, waajiri haki, na sisi sote macho ya kuwaona waliosimama sokoni kabla jua halijazama.

Na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.